Tumbo la Ndege

Robo milimita. Huo ni upana wa mstari mmoja kwenye bawa la modeli ya Spitfire, na kwa ajili ya mstari huo nimewasoma watu wazima, wenye kazi na wajukuu, wakitukanana kwa adabu wiki tatu mfululizo.

Spitfire unaijua hata kama hujui kwamba unaijua: ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye mabawa ya mviringo kama jani. Modeli yake imepunguzwa mara 72 hadi ikatoshea viganjani. Mstari huo unaonyesha mahali bati moja la bawa linapokutana na jingine. Mkusanyaji mmoja akachukua kikokotoo: 0.25 mara 72 ni milimita 18. Yaani ndege hii ikirudi ukubwa wake wa kweli, kati ya bati na bati kutakuwa na ufa wa kuingiza kidole. Hiyo si ndege, ni kibanda cha mabati, na hata fundi wa vibanda angeona aibu. Mistari ya aina hiyo wanaiita mitaro. Mwingine akamjibu kwamba mstari wa upana halisi hauwezi kuonekana kwa macho, na kwamba modeli isiyo na mistari kabisa inafanana na kipande cha sabuni. Wakaendelea hivyo.

Mwanzoni nilidhani wana wazimu. Lakini piga hiyo hesabu mwenyewe. Iko sawa.

Nilifika huko kwa sababu ya kazi. Chuo niliacha mwaka wa tatu, bila drama yoyote, ni vile tu baki ya karo ilifika mahali ambapo ukiitazama haionekani tena kama pesa, inaonekana kama namba ya simu. Nikaingia kwenye kuandika mtandaoni kama nusu ya watu wa rika langu hapa Nairobi walio na laptopu na mahali pa kuichaji. Nimeandika kuhusu chakula cha mbwa, paa za nyumba, bima ya farasi. Kisha nikapata mteja mwenye duka la mtandaoni ng'ambo, anayeuza ndege za kivita za daikasti: modeli za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, zikapakwa rangi kiwandani, zikaja kwenye boksi tayari. Huungi chochote, hubandiki chochote. Unaweka tu kwenye rafu na kuanza kutafuta makosa. Kazi yangu ilikuwa maelezo ya bidhaa, maneno 150 kwa kila ndege, dola nne. Pamoja na kazi nililetewa faili nzima ya maoni na malalamiko ya wateja, nijue wanataka nini.

Sasa, huwezi kuandika "modeli nzuri yenye maelezo ya kina" mara mia mbili. Utachizi. Ilibidi nijifunze kuangalia kama wao.

Wanaanza na uzito. Chuma chenyewe ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu, magnesi na shaba. Mchanganyiko huo unaitwa Zamak, jina lililofinyangwa kutoka herufi za kwanza za metali hizo kwa Kijerumani. Mkusanyaji anataka ausikie ubaridi na uzito akishika, ajue hakununua plastiki. Lakini chuma hakikubali kuwa chembamba kama plastiki inavyokubali. Kwa hiyo antena, milango ya magurudumu, mabomba ya bunduki, vyote hivyo huwa plastiki, na pale plastiki inapokutana na chuma ndipo mtu anachomeka pua. Rangi ile ile, kutoka kopo lile lile, hukaa tofauti kwenye vitu viwili tofauti. Wewe huoni. Wao wanaona kutoka upande wa pili wa chumba. Na kama kiwanda kilikuwa kichafu, risasi kidogo ikaingia kwenye zinki, basi baada ya miaka chuma kinaanza kupasuka chenyewe ndani ya boksi, kinavimba, kinamomonyoka kama keki. Wanauita ugonjwa, na wanauogopa kama mkulima anavyoogopa mnyauko.

Kisha umbo. Je, pua imelala kwa pembe inayofaa? Kioo cha chumba cha rubani kimekaa chini au kimeelea kidogo? Kisha magurudumu, na hapa ninawaelewa kabisa. Modeli nyingi zinakupa chaguo: ndege iliyotua, miguu ikiwa chini, au ndege iliyo angani, miguu imekunjwa. Ili chaguo hilo liwezekane, milango lazima itoke na kurudi, na mlango unaotoka na kurudi huacha nafasi. Ndege angani yenye milango isiyofunga vizuri ni kama bwana harusi mwenye zipu wazi. Vingine vyote vinaweza kuwa sawa, lakini hutaviona.

Maandishi nayo huchapwa kwa kipande laini cha silikoni kinachobeba wino kutoka kwenye bamba na kuugandamiza kwenye chuma hata kama kimepinda. Kwa njia hiyo wanaweka onyo la fundi asikanyage sehemu fulani ya bawa, kwa herufi ambazo utazisoma tu ukiwa na kioo cha kukuza. Na watu wanazisoma. Wanalinganisha na picha za zamani. Kuna mteja alirudisha modeli kwa sababu namba iliyochapwa mkiani, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikosi, ni ya ndege iliyokuwa imeanguka kabla ya mwezi uliotajwa kwenye boksi. Alirudishiwa pesa zake, zaidi ya dola mia moja. Hapo ndipo nilipoacha kuwacheka. Kuna mtu ndani ya ile ndege iliyoanguka, na angalau huyu mteja anakumbuka ni lini.

Ugomvi wa rangi siwezi kuumaliza hapa. Ule udongo wa kahawia kwenye ndege za Waingereza ulikuwa wa kahawia kiasi gani? Picha za wakati ule haziaminiki, jua lilipausha, mafundi walichanganya wenyewe. Halafu kuna wanaosema kwamba kitu kikiwa mbali rangi yake hufifia, kwa hiyo modeli ndogo, ambayo ni kama ndege inayotazamwa kwa mbali, inafaa ipakwe rangi nyepesi kuliko ile ya kweli. Kuwa mkweli kwa kudanganya kidogo. Ningeweza kumsikiliza mtu akieleza hilo hadi asubuhi.

Watu wa nje wanawaita wahesabu riveti. Lilikuwa tusi, siku hizi wengine wanalivaa kama cheo.

Sisi kule mtaani tulikuwa na modeli zetu, si unakumbuka? Gari la waya, matairi ya pata pata iliyokatwa, mti mrefu wa usukani unaotembea nao umesimama. Hakuna aliyehesabu riveti. Tuliuliza swali moja: linakata kona? Likikata kona ni gari, lisipokata ni waya. Nadhani kila mtu hukagua kile anachokihitaji kitu kimfanyie.

Na hiyo ndiyo ilinifanya niulize kwa nini 72. Kwa nini si 70, au 100 kama watu wa kawaida? Jibu ni futi na inchi. Ukipunguza mara 72, futi sita zinakuwa inchi moja, na mtu mrefu wa futi sita anasimama inchi moja kamili. Uingereza ilikuwa na modeli za kipimo hicho tangu miaka ya 1930. Halafu vita vikaja, na mapema mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani likawaomba wanafunzi wa shule watengeneze modeli za mbao 500,000, zote kwa kipimo hicho hicho. Hazikuwa za kuchezea. Zilipakwa rangi nyeusi tupu, hakuna nembo, hakuna namba, zikapelekwa kuwafundisha askari na raia kutambua ndege. Nyeusi, kwa sababu ndege iliyo juu yako, anga likiwa nyuma yake, ni kivuli tu. Una sekunde chache za kusoma umbo la mabawa, mkia, injini ngapi, kisha uamue kama ni ya kwenu au ya kuwalipua.

Fikiria hilo. Kipimo ambacho wakusanyaji wanagombania mistari yake kilisambazwa na watu waliotazama juu. Uhalisia wake wa kwanza ulikuwa wa mtu aliye chini.

Leo ndege imekaa kwenye rafu, tunaitazama kutoka juu, kama Mungu. Viwanda vinajua. Ndiyo maana kila uchafu wa kazi unasukumwa tumboni: skrubu ziko huko, mshono wa nusu mbili za mwili uko huko, tundu la kuchomeka stendi liko huko, jina la kiwanda na nchi yake vimechapwa huko. Duka likinitumia picha kumi za ndege moja, tisa ni za juu na ubavuni.

Hata ile mistari myeupe na myeusi kwenye mabawa ya ndege za siku ya kutua Normandy, Juni 1944, ambayo wateja wanaipenda sana kwa sababu inapendeza: ilikuwa ujumbe kwa watu wa chini. Ilipakwa katika siku chache za mwisho, kwa haraka, kwa brashi, ili wanajeshi wa Washirika na mizinga ya meli wasizipige ndege zao wenyewe. Wiki chache baadaye amri ikaja ifutwe upande wa juu, na kwa muda ikabaki ile ya tumboni. Kiwandani inachapwa imenyooka kama rula. Wakusanyaji wanalalamika, na wana haki: ya kweli ilikuwa imepinda, imepakwa na vijana waliochoka. Mara nyingine kosa ni kufanya kitu vizuri kupita kiasi.

Mwaka jana nikapewa Harvard.

Harvard si ndege ya sifa. Ni ya mafunzo: injini moja, viti viwili, rubani mwanafunzi mbele na mwalimu nyuma. Marubani wengi wa Uingereza na nchi za himaya yake walijifunzia hapo. Maagizo ya mteja yalikuwa niiandike kwa upole, kama mwalimu mpendwa wa darasa la kwanza. Nikaanza kutafuta historia yake, kama ninavyofanya kwa kila ndege, nikiwa kwa bedsita yangu Roysambu, chai imepoa, na katikati ya majina ya viwanja vya Kanada na Rhodesia nikakutana na Thika. Nikasoma tena. Thika. Halafu Mweiga.

Mweiga si mbali na kwa cucu.

Mwaka 1953 Waingereza walileta Harvard kutoka Rhodesia Kusini zilikokuwa zikitumika kwa mafunzo, wakaunda kikosi kilichoitwa 1340, wakazifunga bunduki na mabomu madogo ya ratili 20, zikawa zinaruka juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwatafuta Mau Mau. Ile ndege ya upole. Mwishoni mwa mwaka huo zikaongezwa Lincoln, ndege kubwa za injini nne, ndugu mkubwa wa ile Lancaster iliyopiga miji ya Ujerumani, zenye mabomu ya ratili 500 na ya ratili 1,000. Hizo zilipaa kutoka Eastleigh. Ndiyo, Islii hiyo hiyo unakoenda kununua dera na viatu. Uwanja ule wa jeshi uliopo pale ulikuwa wao. Mabomu yaliendelea hadi 1955.

Shuleni nilifundishwa Mau Mau wa panga, kiapo, na bunduki za kutengenezwa kwa bomba la maji. Ndege sizikumbuki kabisa. Kwenye vichwa vyetu vita vile vilipiganwa vyote ardhini.

Nikaandika maneno 150. Moja kati ya sentensi zake ilisema kwamba Harvard ilitumika pia kupiga mabomu misitu ya Kenya kati ya 1953 na 1955. Hakukuwa na kivumishi hata kimoja. Ikarudi imefutwa, na ujumbe kwamba wateja wanataka habari za modeli, hawataki siasa.

Hasira yangu haikuwa ya kufutwa. Nimefutwa sana, nimezoea. Ilikuwa kwamba lile duka limejaa historia. Maelezo ya Lancaster yanakueleza usiku wa Mei 1943, mabomu yanayorukaruka juu ya maji, mabwawa ya Ujerumani yakibomoka. Kila Spitfire ina rubani wake, na idadi ya ndege alizoangusha. Wanaweza kukuambia ni nani aliyekaa ndani ya ndege siku ya Jumanne fulani. Hiyo haiitwi siasa. Inaitwa maelezo ya kina, na inapandisha bei.

Wakati huo huo walikuwa wamechelewa kunilipa miezi miwili. Nilipobisha sana, wakanilipa sehemu, na badala ya kiasi kilichobaki wakaniuliza kama ningechukua modeli iliyorudishwa na mteja. Wakanitajia tatu. Mojawapo ilikuwa Harvard. Ikatumwa kwa binamu yangu Leicester, naye akaja nayo Desemba ndani ya soksi.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kushika kitu nilichokuwa nimekiandika mara mia mbili. Sentimita 18 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Baridi, nzito. Nikawasha tochi ya simu nikaikagua kama walivyonifundisha. Mistari ya mabati myembamba, safi. Fremu za kioo zimepakwa bila kumwagika. Mlango mmoja wa gurudumu umekaa pembeni kidogo, bila shaka ndiyo sababu ilirudishwa. Propela unaipuliza inazunguka. Ningeipa nane kwa kumi. Nilipotambua kwamba nilikuwa natabasamu, nikaizima tochi.

Krismasi nikaenda nayo Tetu. Sikuwa na mpango wa kumwonyesha cucu. Ilikuwa mezani, nikimwonyesha mpwa wangu jinsi propela inavyozunguka, naye cucu akaingia na thermos. Cucu ana miaka themanini na kitu. Mimi ni kifungua mimba wa mwanawe, nimebeba jina la marehemu mume wake, kwa hiyo tangu nizaliwe ananiita mzee wake.

"Mũthuri wakwa, hiyo ni nini?"

Nikampa. Akaiweka kwenye kiganja, akaitazama kwa juu labda sekunde mbili. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kuona mkusanyaji yeyote akikifanya kwenye picha wala video. Aliigeuza, akanyoosha mkono juu ya kichwa chake kuelekea mwanga wa mlangoni, akafunga jicho moja, akaiangalia kutoka chini.

Akakaa hivyo kitambo.

"Hii tuliiona," akasema.

Nikamuuliza kama rangi ilikuwa hiyo. Kwa kweli nilitaka kujua. Miezi yote ile ya ugomvi wa rangi ilikuwa imeniingia. Akanitazama kama mtu aliyeuliza rangi ya upepo. Rangi nani aliiona? Ilikuwa nyeusi. Ndege yoyote ikiwa juu yako ni nyeusi. Akapitisha kidole gumba chini ya mabawa, pale palipo laini, akakigotesha kwenye tundu la stendi.

"Mabomu yake yako wapi?"

"Hii hawakuiwekea, cucu."

"Basi wameiharibu."

Halafu akaketi, na akaanza kueleza, si kwa huzuni, zaidi kama mtu anayerekebisha hesabu ya duka. Kwanza, haina sauti. Hiyo ndogo ilisikika kabla hujaiona, mlio wa kukwaruza, kama mtu anapasua shuka refu lisiloisha. Ng'ombe walijua kwanza. (Harvard inajulikana kwa kelele hiyo hadi leo: ncha za propela yake huzunguka zikikaribia kasi ya sauti. Hakuna modeli inayobeba hilo, na sijasoma lalamiko lolote kulihusu.) Pili, hiyo ndogo haikuwa mbaya sana. Kulikuwa na kubwa. Kubwa yenyewe waliiita Nyagĩkonyo.

Nikacheka, kwa sababu ni neno la kuchekesha. Maana yake ni ile yenye kitovu.

"Ilikuwa na kitovu kweli," akasema. "Hapa nyuma." Akagusa tumbo la Harvard, nyuma ya mabawa, akaonyesha kwa vidole uvimbe ambao haukuwepo.

Usiku nikatafuta picha za Lincoln. Ilinibidi nipitie nyingi, kwa sababu zote ni za ubavuni na za juu. Nikaipata moja iliyopigwa kutoka chini. Nyuma ya mabawa, tumboni, kuna uvimbe wa mviringo: kifuniko cha rada. Mtoto wa miaka kumi, asiyejua rada ni nini, akiwa ardhini, ndege ikipita juu angani, aliushika uvimbe huo akaubakiza kichwani miaka sabini. Mpe huyo mtu modeli ya Lincoln, urefu wa mabawa yake nusu mita, na atakuambia papo hapo kama kiwanda kimekosea.

Lakini ngoja, kuna sababu ya macho hayo. Asubuhi yake tukiwa tunachambua sukuma wiki nikamuuliza walikuwa wanatazama nini hasa, watoto. Akanieleza kwamba mama yake, pamoja na wanawake wengine wa kijiji, kile cha kuzungushiwa miti iliyochongwa walichohamishiwa kwa lazima, walikuwa wakipelekwa kila siku kuchimba mtaro kwenye ukingo wa msitu, ili watu wa msituni wasipate chakula. Mtaro wa kweli, wa kumeza mtu. Askari walisimama juu yao. Ndege zikipita ulikuwa huruhusiwi kuinua kichwa. Ukitazama sana msituni utaulizwa una nani huko. Na alikuwa na mtu huko. Kaka mkubwa wa cucu.

Kwa hiyo watoto waliangalia kwa niaba yao. Jioni mama akirudi, kabla ya maji, kabla ya chakula, aliuliza: zilikuwa ngapi? Ndogo au zenye kitovu? Zilielekea wapi? Zilirudi zikiwa zimechelewa au haraka? Cucu na dada yake walikuwa wakijibu kama mtihani. Mama akishasikia, alinyamaza, akipiga hesabu zake: leo ni upande wa juu, yeye hakai upande wa juu, leo ni ndogo tu, leo ni kubwa tatu. Kuna siku dada yake alisema ni ndogo na cucu akasema ni kubwa, mama akawazaba makofi wote wawili, kisha akaketi akalia. Kuna siku nyati alitoka msituni amevunjika mguu, akafa karibu na mto, na watu waliogopa kumla.

Yule kaka hakurudi. Hakuna siku inayojulikana, hakuna mahali. Hakuna namba mkiani ya kulinganisha na kumbukumbu za kikosi.

Sasa nikiwafikiria wale wanaume na robo milimita yao siwezi kurudi kuwacheka, na wala siwezi kuwasamehe kirahisi. Kwa sababu wana macho. Wanajua kutazama kitu hadi kitoe ukweli wake, watakuambia sentensi nzima ya historia kwa kuona mfuniko wa injini. Ni kwamba tu macho hayo yote yamesimama upande mmoja. Ukikusanya malalamiko yote niliyosoma, mamia, hakuna aliyewahi kuandika: nimeiinua juu ya kichwa changu na haifanani.

Nilimwambia cucu abaki nayo kama anaitaka. Akaniuliza aifanyie nini. Akasema niitoe mezani, watu wanataka kunywa chai.

Januari mteja akaleta orodha mpya, ndege kumi na mbili, maelezo yawe tayari kufikia Ijumaa. Nikamwandikia kwamba kabla sijaanza nahitaji picha za tumbo la kila modeli. Akauliza kwa nini. Nikamjibu kwa lugha anayoielewa: wateja makini wanapenda kujua mshono umefichwaje, na washindani wake hawaonyeshi. Baada ya siku mbili zikaja, matumbo kumi na mawili kwenye karatasi nyeupe, skrubu nje, kama samaki sokoni.

Nikazikuza moja moja. Ya saba ilikuwa Lancaster. Nyuma ya mabawa, mahali pale pale cucu alipoweka vidole vyake, kulikuwa na kitovu. Wamekitengeneza vizuri, mviringo wake umekaa, rangi nyeusi ya tumbo imezunguka bila kuvuja. Nikakipa sentensi mbili nzima kati ya maneno 150: kiko wapi, kina umbo gani, na kwamba mtu aliyesimama chini ndiye angekiona kwanza.

Hizo hawakuzifuta.